Tembo niliyeondoka naye nimerudi naye Tunduru

Nimerudi jamani. Miaka 9 Leicester, Uingereza, na nlivyofika nyumbani kitu cha kwanza kukitoa kwenye begi mbele ya mama ni picha ya tembo, ileile niliyoondoka nayo. Nlinunua Morogoro Stores pale Oysterbay, Dar, siku mbili kabla ya safari, haraka haraka, kijana akanifungia na gazeti rangi bado inanata, mpaka leo kwenye kona ya chini kuna vijiherufi vya gazeti vimegandia.

Kusema kweli wakati ule nlikuwa naona ni picha za watalii tu. Picha za Tingatinga tumekua tunaziona, twiga, chui wa madoadoa, ndege wenye mikia mirefu, unapita zako. Sasa itundike kwenye chumba cha kupanga, saa kumi jioni nje giza tayari, umetoka kulea wazee wa watu shifti nzima, mama yako mwenyewe unamsikia kwenye simu tu. Nlikuwa nakula namwangalia yule tembo. Na kadri miaka inavyoenda ndo nikaanza kuona jinsi alivyowekwa, yani yuko katikati ya ubao peke yake, kundi hana, mti hana, hata ardhi ya kukanyaga hana, nyuma yake ni njano tupu.

Nikaanza kumsoma mzee mwenyewe aliyeanzisha uchoraji huu na kumbe ni wa kwetu kabisa! Edward Saidi Tingatinga kazaliwa 1932 hukuhuku wilaya ya Tunduru, akatoka kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, baadae Dar, akafanya kazi za ndani na bustani kwa Mwingereza, na mwaka 1968 hivi ndo akaanza kuchora, tena kwa vitu vya bei ya chini alivyovimudu, silingibodi na rangi ya baiskeli. Mkewe alikuwa anauza mboga na matunda pale Oysterbay, picha zikauzwa hapohapo. 1972 polisi wakampiga risasi wakidhani ni mwizi, akafa. Miaka minne tu ya kuchora, na jina lake likabaki kuwa jina la aina nzima ya uchoraji.

Watu wanasema alichora wanyama kwa sababu wazungu wananunua. Sikatai, alikuwa na familia ya kulisha. Lakini mtu katoka Tunduru, yuko Dar, anainamia ubao, yule mnyama anamtoa wapi kama sio kwao? Na picha zake nyingi ni hivohivo, mnyama mmoja kajaa ubao mzima na nyuma rangi moja. Mi naamini ni mtu aliyeacha watu wake ndo anachora vile. Sijaisoma popote hiyo, ila nimekaa na picha hii chumba kimoja miaka 9.

Huku kwetu lakini tembo sio wa ukutani. Wanashuka usiku wanamaliza shamba la mpunga, watu wanalala kwenye dungu wanapiga madebe mpaka asubuhi, baba mdogo msimu uliopita kavuna magunia mawili tu. Kwa hiyo nlikuwa na wasiwasi mama ataichukuliaje.

Akaishika karibu na dirisha. Akapitisha kidole kwenye doa moja moja, zile zinazotuna kidogo kwa rangi nzito, akakaa kimya, alafu akasema, "Huyu dume."

Nikamuuliza kajuaje.

"Majike wanatembea na watoto wao, mkubwa wao anatangulia. Dume akishakua anatoka kwa mama zake, ndo unamkuta peke yake hivi." Akanitazama. "Ulikuwa unamtundika wapi?"

"Chumbani mama, pale nlipokuwa nakulia."

Hakusema kitu. Akaniambia nitafute msumari. Nikagonga ukuta wa sebuleni, upande ambao tembo anakuwa kaelekeza mkonga mlangoni, mama akasema hapana, ng'oa, hamishia ukuta wa pili. Nikahamisha. Akarudi nyuma hatua mbili akaangalia, sasa mlango uko nyuma ya tembo na uso wake unaangalia ndani, akaniambia sawa mwanangu, njoo ule.