Barua iliyopita mikononi mwa gavana

Maisha yangu ya kazi yote yamepita masjala, hapa hapa Tabora. Barua inaingia, naigonga mhuri wa tarehe, naiandika kwenye rejista, naipa namba ya folio, naiweka kwenye jalada lake, ndipo inapanda kwa wakubwa. Mtu akinionyesha karatasi za serikali za zamani, siendi kwanza kwenye maneno ya barua. Natazama pembeni: nani kaipokea, lini, kaandika dokezo gani, na kaipeleka kwa nani.

Hivyo ndivyo nilivyozisoma karatasi za Jamaika za mwaka 1865, barua kati ya gavana wa kisiwa hicho na wakubwa wake London. Bunge la Uingereza lilichapishiwa karatasi hizo mwaka 1866, na siku hizi zimo mtandaoni. Binti yangu alinifungulia kwenye simu nione kidogo tu, nikakesha nazo.

Jamaika ilikuwa koloni la Waingereza. Utumwa ulifutwa mwaka 1834, lakini watu waliendelea kufungwa kwenye mashamba ya mabwana zao kwa jina la uanagenzi hadi tarehe 1 Agosti 1838. Gavana alikuwa akimwandikia Waziri wa Makoloni, London, kila barua na namba yake. Meli ilichukua kama wiki tatu kufika, na simu ya maandishi ya kuvuka bahari haikuwapo. Ikifika London, karani anaisajili, anaandika dokezo lake, inapanda ngazi kwa ngazi hadi kwa Waziri, kisha inashuka tena kwa karani aandae rasimu ya jibu. Mtu yeyote wa masjala angeingia ofisi ile asubuhi na saa nne akawa ameshaanza kazi.

Ila kulikuwa na sharti moja. Mkazi wa koloni mwenye malalamiko hakumwandikia Waziri moja kwa moja. Barua yake ilipitia kwa gavana, na gavana aliisindikiza na maoni yake. Sisi nasi tunaandika "Kupitia kwa" chini ya anwani, na nimeziona maelfu. Ni utaratibu wenye sababu zake, maana mkubwa akiulizwa lazima awe na habari. Lakini pale anayelalamikiwa ndiye mpitishaji, barua inafika juu ikiwa imeshatafsiriwa na mkono wa mtu mwingine.

Mwaka 1865 ukame ulikuwa umewapiga watu wa Jamaika, vita ya wenyewe kwa wenyewe Marekani ilikuwa imepandisha bei ya vyakula na nguo, na kodi zilikuwa nzito. Kisiwa kilikuwa na watu zaidi ya 400,000, na walioandikishwa kupiga kura hawakufika 2,000. Januari, Edward Underhill, katibu wa chama cha wamisionari wa Kibaptisti, alimwandikia Waziri Edward Cardwell kueleza hali hiyo. Yeye alikuwa Uingereza, kwa hiyo hakuhitaji kupitia kwa mtu. Cardwell akafanya nini? Akaituma nakala kwa Gavana Edward Eyre atoe maoni. Eyre naye akaisambaza kwa mahakimu na wachungaji kisiwani ili apate majibu ya kuikanusha. Barua iliyomkwepa gavana ikarudi mezani kwake.

Aprili, maskini wa wilaya ya St Ann wakamwandikia Malkia Victoria. Hapa niliweka simu chini kwa muda. Waliomba ardhi ya serikali walime: kahawa, mahindi, miwa, pamba, tumbaku. Walisema wataungana kama kampuni, na wakaomba ateuliwe wakala wa kupokea mazao yao. Sisi wa Tabora hatuhitaji kuelezwa hilo ni ombi la namna gani. Nimekua kati ya wakulima wa tumbaku na vyama vyao vya ushirika, na ombi hili lingeweza kuandikwa na wajomba zangu. Halikuwa ombi la msaada wa bure. Ulikuwa mpango wa kazi, na waliutaja hatua kwa hatua.

Eyre alilipeleka London, na kwenye barua ya kulisindikiza akasema hayo ndiyo matunda ya kwanza ya barua ya Underhill. Kwa sentensi hiyo moja, ombi la wakulima likawa uchochezi wa mmisionari. Dokezo la namna hiyo nalifahamu. Halikanushi neno hata moja la mwombaji, linambadilisha mwombaji mwenyewe.

Jibu lilitoka tarehe 14 Juni. Aliyeliandaa ni Henry Taylor, ofisa aliyekuwa ameingia ofisi ile tangu 1824. Liliwaambia kwamba neema yao itatokana na kufanya kazi ya ujira, bila kukatisha wala kubahatisha, wakati wowote nguvu zao zinapohitajika na kwa muda wote zinapohitajika. Kuhusu ardhi, hakuna. Eyre alichapisha nakala 50,000 za jibu hilo, likabandikwa na kusomwa makanisani kwa jina la "Ushauri wa Malkia". Ombi lenyewe hakulibandika popote.

Agosti, shemasi Paul Bogle wa kijiji cha Stony Gut aliongoza ujumbe kwa miguu hadi Spanish Town, mji mkuu wa wakati huo, zaidi ya kilomita 70, kumwona gavana. Hawakupokelewa. Tarehe 10 Oktoba, polisi walipokuja kumkamata, yeye na wenzake waliandika tena. Walimwomba gavana ulinzi kama raia watiifu wa Malkia, na wakasema wameonewa kwa miaka 27. Hesabuni wenyewe: ni tangu 1838. Siku iliyofuata, kabla ya jibu lolote, walikwenda mji wa Morant Bay. Askari wa kujitolea wakafyatua risasi, mahakama ikachomwa, watu wakafa pande zote mbili. Kisha Eyre akatangaza sheria ya kijeshi. Tume ya uchunguzi ilihesabu 439 waliouawa, wasiopungua 600 waliochapwa viboko, na nyumba 1,000 zilizochomwa. Bogle alinyongwa tarehe 24 Oktoba. Eyre aliondolewa kazini, lakini hakuna mahakama iliyomtia hatiani.

Majirani huniletea barua niwaandikie. Mzee mmoja alikuja na malalamiko ya shamba, na aliyemtaja ndani ya barua ndiye mtendaji ambaye barua ilipaswa kupitia kwake. Akaniuliza, "Mwanangu, sasa huyu ataipeleka?" Nikamwambia, "Baba, tunampelekea yeye kwa utaratibu, na nakala tunaipeleka juu siku hiyo hiyo. Na wewe unabaki na yako, imegongwa mhuri wa kupokelewa." Tukafanya hivyo. Siandiki tena barua ya mtu bila "Nakala kwa", na karani anayeona uzito kugonga mhuri kwenye nakala ya mkulima namsubiri hapo hapo kaunta mpaka agonge.

Nimeanza kulitafsiri ombi la St Ann kwa Kiswahili. Nikimaliza nitaliweka hapa pamoja na ile barua ya Eyre ya kulisindikiza, ombi likitangulia, ili kwa mara hii msomaji akutane na waombaji kabla ya kukutana na maoni ya mpitishaji.