Mwalimu wa YouTube Halijui Jua la Dodoma

Vijana wanaoona kazi zangu huniuliza nimesoma chuo gani. Uhariri wa video sikuusomea chuo. Nimejifunza YouTube, chumbani kwangu Chang'ombe ya hapa Dodoma, kwa bando la usiku, na hadi leo ndivyo ninavyojifunza. Ila jibu hilo peke yake haliwasaidii, kwa sababu nao wanatazama masomo yale yale na wanakwama. Somo linaisha, kila kitu kimeeleweka, halafu wakichukua klipu yao wenyewe, ya send-off iliyopigwa ukumbini Area D, inakataa. Nataka nieleze kwa nini inakataa.

Vifaa nitavipita haraka. Natumia DaVinci Resolve ya kuhariri video, ile ya bure, pamoja na Blender ya kutengeneza vitu vya 3D, ambayo nayo hailipiwi. Tangu toleo la 15 la mwaka 2018, Resolve imebeba Fusion, sehemu ya kutengeneza efekti, ndani yake, kwa hiyo kukata, rangi, sauti na efekti vyote viko kwenye programu moja. Ya bure inatoa video hadi pikseli 3840 kwa 2160, na kwa kazi za harusi, kwaya na mahafali hiyo inatosha kabisa. Kinachokosekana ni baadhi ya zana za kulipia. Mojawapo ni Magic Mask, ile inayomtenga mtu na mandhari ya nyuma yake. Walimu wengi wanaipenda: mwalimu anapitisha mstari mmoja juu ya mwili wa mtu, programu inafanya iliyobaki, somo linasonga mbele. Wewe wa toleo la bure unaachwa hapo.

Na mimi nasema hapo ndipo pa kukaa. Kuchora maski, yaani umbo la kutenga sehemu ya picha, kwa mkono ndiko kulikonifundisha kutazama mwili wa mtu unavyokwenda. Usimzungushie mtu mzima umbo moja. Mgawe: kichwa na umbo lake, kiwiliwili na lake, mkono juu ya kiwiko na chini ya kiwiko, kila mguu na lake. Wala usisogeze umbo kwenye kila fremu, yaani kila picha moja moja inayounda video, maana kingo zitatetemeka. Tafuta fremu ambayo mkono umefika mwisho wa kwenda mbele, weka umbo. Nenda pale ulipofika mwisho wa kurudi nyuma, weka umbo. Programu itajaza katikati, nawe utasahihisha nusu ya njia, kisha nusu ya nusu. Mchukue mama anayecheza akiwa amejifunga kitenge: kiuno kimeshageuka, pindo la kitenge ndiyo kwanza linakuja. Hilo ukiliona kwa macho yako, fremu kwa fremu, hutaweka tena kitu cha kutengeneza kwenye video sehemu zake zote zikaanza na kusimama kwa wakati mmoja kama mlango wa bati.

Jambo la pili ni umeme. Marekani, wanakotoka wengi wa walimu hawa, umeme ni wa hezi 60. Wetu ni wa hezi 50. Taa ya umeme huo hupanda na kushuka mwanga mara mbili kwa kila mzunguko, yaani mara 100 kwa sekunde, ingawa jicho halioni. Mwalimu anasema piga fremu 30 kwa sekunde, shata 1/60, yaani kila fremu ipokee mwanga kwa sehemu hiyo ya sekunde, na kwake picha inatulia. Ukiyafuata maneno hayo kwenye ukumbi wa Dodoma, ukuta unaanza kupumua, au mistari myeusi inapanda polepole juu ya sura ya bibi harusi. Nimeona watu wakihangaika kuiondoa kwa plagini, vile viprogramu vya kuongeza. Weka fremu 25 na shata 1/50. Ukitaka kupunguza mwanga nenda 1/100. Taa za LED za mapambo zina tabia zake, hizo ni lazima uzijaribu kabla wageni hawajaingia, lakini taa za kawaida za ukumbi zitatulia. Sijawahi kulikuta jambo hili likifundishwa kwenye somo la efekti, na ni efekti ngapi zimeharibika kwa sababu klipu yenyewe ilikuwa inapepesa!

Sasa vumbi, ambalo ndilo lililonikalisha kuandika.

Kwaya moja ya upande wa Chamwino ilitaka video ya wimbo wao ipigwe chini ya mibuyu, na kwenye ubeti wa mwisho upepo wa vumbi uje nyuma yao. Siku ya kupiga picha hapakuwa na upepo wowote. Masomo ya vumbi ni mengi na karibu yote yanasema kitu kimoja: chukua klipu ya vumbi lililopigwa mbele ya kitambaa cheusi, iweke juu ya picha yako, badilisha namna ya kuchanganya iwe Screen, weusi utapotea na vumbi litabaki. Nikafanya hivyo, ikatoka sawasawa na ya mwalimu. Nikampelekea mwalimu wa kwaya, mzee aliyezaliwa huko huko, akatazama hadi mwisho.

"Mwanangu, huu ni moshi," akasema. "Vumbi likija, hata mbuyu hauuoni."

Maneno hayo yalinifundisha kuliko masomo mengi. Screen inaongeza mwanga tu, haiwezi kuzuia. Kwa moto, cheche na radi ni sahihi, kwa sababu vitu hivyo vyenyewe vinatoa mwanga. Vumbi halitoi mwanga, linasimama katikati ya jicho na mbuyu. Likiwekwa kwa Screen juu ya anga jeupe la saa saba mchana, halionekani kabisa, kwa sababu huwezi kuongeza mwanga juu ya kitu ambacho tayari ni cheupe. Kwa hiyo klipu ya vumbi nikaiondoa kwenye kuchanganya, nikaifanya kuwa kipimo cha kuficha: panapong'aa pafiche zaidi, penye giza paache wazi. Kilichofichwa nikakipa rangi niliyoichota kwenye ardhi ya klipu yangu mwenyewe, ule wekundu wa udongo wa pale walipokuwa wamesimama. Mbuyu wa mbali ukamezwa, wa karibu ukabaki nusu, waimbaji nikawaacha mbele kwa maski za mkono. Ndipo likawa vumbi la Ugogo.

Hata hivyo klipu za vumbi zinazopatikana mtandaoni zilinisumbua kwa jingine. Nyingi ni za kijivu, na mwanga wake unatoka upande ambao jua letu halikuwepo. Nikatundika kitambaa cheusi uani, nikasubiri jua la saa kumi liingie kwa nyuma na pembeni, mdogo wangu akamwaga udongo mkavu uliochekechwa kutoka kwenye beseni. Hapa kuna kanuni ya zamani ya watu wa filamu waliokuwa wakipiga picha za nyumba na meli ndogo za kuigiza: kitu kidogo kikitakiwa kionekane kikubwa, zidisha fremu kwa kipeuo cha pili cha ukubwa unaoutaka. Wingu la udongo la nusu mita likitakiwa lionekane la mita 2, ukubwa ni mara 4, kipeuo chake ni 2, basi fremu 25 ziwe 50. Likitakiwa lionekane la mita 8, ni mara 16, basi fremu 100. Ukilicheza kwa fremu 25 linaanguka kwa uzito wa kitu kikubwa. Bila hivyo litabaki udongo wa beseni hata ulikuze vipi.

Jua nalo lina hesabu zake, na hapa mwalimu wa Ulaya anapotea kabisa. Dodoma iko kama nyuzi 6 kusini ya ikweta. Mapema Machi na mapema Oktoba jua la mchana linapita karibu juu ya utosi, na kivuli cha mtu kinajikusanya miguuni pake. Mwezi Juni jua la mchana liko kaskazini, si kusini kama anavyolizoea mtu wa London. Ukishusha picha ya anga iliyopigwa Ulaya, zile ambazo programu huzitumia kama chanzo cha mwanga, ukaitumia kwenye gari la Blender uliloliweka barabara ya Iringa, kivuli cha gari kitalala upande mmoja na vivuli vya watu upande mwingine. Mtazamaji hawezi kusema kasoro iko wapi, ila haliamini gari. Blender ina nyongeza inayoitwa Sun Position: mpe latitudo -6.2, longitudo 35.7, tarehe na saa uliyopiga klipu, nayo italiweka jua mahali pake. Ndiyo maana siku hizi nikipiga picha naandika saa kwenye daftari.

Daftari hilo ni muhimu kwangu kuliko kompyuta. Somo nalitazama mara ya kwanza bila kugusa chochote. Kisha nalifunga, naandika kwa maneno yangu kilichofanyika na sababu yake, si kitufe kilipo, maana programu zinabadilika na vitufe vinahamishwa kila toleo. Halafu narudia kwenye klipu yangu, ya hapa, yenye jua hili na ukumbi huu. Klipu za mazoezi anazogawa mwalimu sizitumii tena. Zimechaguliwa ili zikubali.

Kwa sasa nasafisha zile klipu za vumbi: zilizopigwa kwa fremu 50 na zile za 100, jua la nyuma na jua la pembeni. Nikimaliza nitaziweka hapa bure, na kila moja nitaiandikia saa na upande wa jua, ili aliyeko Singida au Manyoni anayetengeneza video ya kwaya yake asilazimike kutumia vumbi la jangwa la watu wengine.