Leo tu, lakini leo ni ndefu

Aliyeacha unga (heroini) akaingia kwenye methadoni, dawa inayotolewa badala yake, hunywa dawa yake kliniki asubuhi, mbele ya mhudumu, na saa tatu huwa ameshamaliza. Huduma hiyo ilianza hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011. Kazi inaanzia hapo: mchana wote uko wazi, na kijiwe hakijahama.

Wenzake watamwambia, "Leo tu," yaani asitumie leo tu. Sawa, ila kwa mtu aliyebanwa na hamu ya unga, leo ni ndefu mno. Aikate vipande. Hamu hupanda, hufika kileleni, hushuka, mara nyingi ndani ya nusu saa, mradi usiichochee. Kuichochea ni kuhesabu pesa za mfukoni, kumpigia fulani "kumsalimia tu", kupita njia ile ile. (Mfukoni baki na nauli, nyingine ashike dada au mama.)

Ikija, tazama saa, kisha ondoka ulipo. Umekula? Umelala? Una hasira na mtu? Uko peke yako tangu asubuhi? Njaa na uchovu huiga hamu vizuri sana, kwa hiyo anza na chai na chapati. Halafu nawa uso kwa maji baridi, kanyaga chini miguu yote miwili, vuta pumzi ukihesabu hadi 4, itoe ukihesabu hadi 6, taja vitu vitano unavyoviona. Tazama saa tena. Bado? Rudia, safari hii ukiwa na mtu.

Arosto, yaani mateso ya mwili uliozoea dawa ukaikosa, ni jambo jingine, na hapa ndipo wengi wanapoonewa. Miayo, machozi, mafua, mifupa kuuma na tumbo kuharisha kabla ya dozi ya kesho si udhaifu wa imani. Huenda dozi haitoshi. Methadoni huanza kwa miligramu 20 hadi 30, ikapandishwa polepole kwa sababu hujilimbikiza mwilini kwa siku kadhaa. Wengi hutulia kati ya 60 na 120. Anayetumia dawa za kifua kikuu zenye rifampisini anaweza kurudiwa na arosto kwa dozi ile ile iliyokuwa ikimtosha, maana rifampisini hufanya mwili uimalize methadoni upesi. Hilo halitulizwi kwa kuhesabu pumzi. Mwambie daktari, tena utaje na saa dalili zinapoanza.

Madeni na aibu ya nyumbani navyo vina wakati wake: dakika 20 jioni, kwenye daftari, jambo moja la kushughulikia kesho. Vikija saa nane mchana, viandike neno moja uendelee na ulichoshika.

Ukikosa dawa siku tatu au zaidi, usidai dozi ya zamani. Mwili umeshaisahau, lazima upimwe upya. Unga nao ni vivyo hivyo: kete iliyokuwa ya kawaida zamani inaweza kuua leo. Walio nyumbani wakimkuta haamki, anakoroma au anapumua kwa mbali, midomo imebadilika rangi, wasimwache "alale". Wamlaze ubavu, wamwahishe hospitali, na waseme wazi ametumia nini.