Nitupe tu, mwanangu

Jumanne kuna kitu kilinikaa kooni na mpaka leo hakijashuka, acha nikiandike hapa labda nitalala.

Mwalimu wa judo alitupanga wawili wawili tufanye o-goshi, ile ya kumbeba mwenzako kiunoni unamzungusha anatua mgongo. Mimi nikaangukia kwa yule binti wa S2, kidato cha pili, mwenye mkanda wa chungwa. Akaingia vizuri kabisa, kiuno chini ya changu, miguu yangu imeshaacha godoro, nimekunja kidevu, mkono uko tayari kupiga chini, halafu akasimama hapo hapo juu. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili akanishusha polepole kama trei ya mayai. Hata kitambaa cha kichwa hakikusogea.

"Mbona hujanitupa?"

"Aa mama, siwezi."

"Huwezi nini, mimi mzito?"

"Hapana mama. Si wewe ni mama ya Shafik?"

Basi. Tangu hapo nikipima mahindi, si wewe ni mama ya Shafik. Nikisonga posho, si wewe ni mama ya Shafik. Jumamosi kwanjula ya dada yake Shafik, ile sherehe ya bwana kuja kutambulishwa nyumbani, imepita salama, wakwe wamekuja na vikapu vyao, wazee wameridhika, na mimi pale kwenye mkeka na gomesi yangu mpya, lile gauni la sherehe, nawaza kiuno cha mtoto wa watu.

Watu wa hapa Busia wanadhani nimeingia judo na miaka yangu hamsini na kitu ili nipige wezi wa mizigo mpakani. Dada yangu mkubwa amenitumia voisi nzima ya kicheko tu. Mimi nimekwenda kujifunza kuanguka, na mnaojua habari ya marehemu mama na lile bafu mnajua kwa nini. Kidevu kifuani kichwa kisigonge, pumzi itoke, mkono upige chini wote kuanzia kiganja hadi kiwiko, ili kishindo kigawanyike kisikae sehemu moja, na usijaribu kujizuia kwa mkono ulionyooka maana hapo ndipo mikono inavunjika. Sasa nisipotupwa nitajifunza nini? Kulala najua tangu zamani.

Mwalimu alishatusimulia kuhusu bibi mmoja wa Kijapani, Keiko Fukuda. Babu yake alimfundisha jujitsu, mapigano ya zamani ya Kijapani, Jigoro Kano, yule aliyeanzisha judo mwaka 1882 kwa wanafunzi tisa na mikeka kumi na miwili hekaluni. Kano alipokuwa mzee mwenye jina lake akamwita huyo mjukuu wa mwalimu wake aje ajifunze. Hakumwita aje kunywa chai. Mama mfupi kabisa, akaja kuhamia Marekani, akapewa dani ya kumi, cheo cha juu kabisa cha judo, mwaka 2011 akiwa na miaka 98. Nawaza, angeshushwa kwa mikono miwili kwa sababu ya babu yake, angefika wapi?

Lakini jana nimekaa nje ya ukumbi nafunga kamba za viatu, binti akapita getini, akaniona, akapiga magoti pale pale kwenye vumbi na yunifomu ya shule akanisalimia, habari za nyumbani, Shafik anaendeleaje. Nikamjibu, akainuka, akaenda kubadilisha nguo. Dakika kumi baadaye tunainamiana kwenye godoro, mimi na yeye kiwango kimoja, mwalimu anapiga kelele "mtupe!" Nikacheka peke yangu, wenzangu wakaniangalia. Mtoto atoke kwenye magoti aje kunibwaga saa hiyo hiyo, hata mimi kwa umri wake nisingeweza, nani angeweza na mama zetu wale?

Nikamwambia, "Sikiliza, humu ndani mimi si mama ya mtu. Nitupe tu, mwanangu."

"Sawa mama."

Akanishusha tena! Ila safari hii karibu na chini akaniachia mkono mmoja, nikapiga godoro paa, sauti ikajaa ukumbi, mpaka wale wavulana wa mwisho wakageuka. Amejifunika mdomo. Nadhani wiki ijayo ataachia mapema zaidi, nimeona macho yake, yameanza kuwa na utundu.

Haya, mvua nayo haijaacha tangu Ijumaa na yale magunia ya mahindi ya nyuma stoo nimeyagusa asubuhi yana ujotojoto nisioupenda. Wanunuzi wa ng'ambo wanakuja kesho na kipima unyevu chao, wanataka usizidi asilimia 13.5, na turubai la kuanikia liko kwa shemeji tangu kwanjula na simu yake haipatikani.