Nimeshapata, asante dada

"Nimeshapata, asante dada." Aliandika hivyo Jumapili usiku, akaweka na kidole gumba, akapotea. Leo ni Alhamisi. Katikati hapo mdogo wangu wa Tanga amejifungua salama mtoto wa kike, mkataba wangu kazini umeongezwa hadi mwisho wa mwaka ujao, mwenye nyumba amekubali kutengeneza lile dirisha, na mimi kila nikinawa uso asubuhi ninachosikia ni sentensi ya kijana wa chuo ambaye hata sura yake siijui.

Mnaonisoma siku nyingi mnalijua kundi letu la Racket, lugha ya kuandikia programu za kompyuta inayojaa mabano. Hatuko wengi: wanafunzi, walimu kadhaa wa sekondari, kaka yetu wa Kisumu, na sisi tunaoshinda na lugha ya Java ofisini kisha usiku tunarudi kwenye mabano kwa sababu ndiko roho inakotulia. Kanuni ni moja tu. Uliza kwa Kiswahili, ujibiwe kwa Kiswahili, mbele ya wote. Anayenitumia swali faraghani namrudisha kundini, na sababu zangu nimeshazieleza humu mpaka shemeji akasema nimekuwa mkali.

Kijana aliingia vizuri kabisa. "Shikamoo dada, samahani kwa usumbufu. Programu inanikatalia. Inasema ilitarajia funksheni, imepewa 0. Mimi sijasema popote kwamba 0 ni funksheni." (Funksheni ni kipande cha programu unachokiita kikufanyie kazi.) Akabandika programu yake yote, mistari michache tu, pamoja na orodha aliyoijaribia. Ile sentensi yake ya mwisho niliipenda mno. Mtu anayelalamika hivyo ameusoma ujumbe wa kosa hadi mwisho, ameuamini, na sasa anadai haki yake. Wengi huandika "haifanyi kazi" na kutuma picha ya skrini iliyokatwa pembeni. Mwaka 2011 Guillaume Marceau, Kathi Fisler na Shriram Krishnamurthi walichapisha utafiti juu ya wanaoanza kujifunza kwa DrRacket, ile programu tunayoandikia Racket, na jumbe za makosa wanazokutana nazo, na moja ya mambo waliyoyaona ni kwamba wanafunzi hupata shida kuoanisha maneno ya ujumbe na sehemu ya programu inayosemwa. Huyu alikuwa ameoanisha karibu yote. Kilichobaki ni bano.

Alitaka kujumlisha namba za orodha. Njia yake ilikuwa sahihi: chukua namba ya kwanza, ijumlishe na jumla ya zilizobaki, na orodha ikiwa tupu jibu ni 0. Isipokuwa pale kwenye orodha tupu hakuandika 0, aliandika (0). Na nani atamlaumu? Tangu shule ya msingi tumefundishwa kwamba mabano ni ya kukusanya, kwamba 5 na (5) ni kitu kimoja, na ukiongeza mengine nje hakuna kinachoharibika. Katika lugha za ukoo wa Lisp, ile lugha ya zamani iliyoizaa Racket, bano la kufungua ni amri. Linasema: kinachofuata ni funksheni, iite. Kwa hiyo (0) ni kuiagiza Racket iiite 0, nayo inatii, inakwenda kuiita, inakuta namba, inasimama. Yeye kweli alikuwa ameiambia kwamba 0 ni funksheni. Aliiambia kwa bano.

Nililiandika jibu lile kwa mapenzi. Sikutaka kumwambia "toa mabano" nikamwacha, ingawa ndiyo dawa yenyewe. Nilimfungulia hesabu yake yote kwa orodha ya 3, 4 na 5, hatua kwa hatua, mpaka ikafika hapa:

(+ 3 (+ 4 (+ 5 (0))))

Nikamwambia atazame kule ndani kabisa, aone kwamba programu ilipita salama kwenye namba zote ikaanguka mwishoni, pale orodha ilipokwisha. Nikamweleza kwamba ndani ya DrRacket kuna lugha ndogo zilizotengenezwa kwa wanaoanza. Akiichagua ile ya kwanza, kosa kama hili linakamatwa kabla programu haijaanza kukimbia, na kipo kitufe kinachomwonyesha hesabu ikipunguzwa kipande kimoja kimoja, kama nilivyompunguzia mimi kwa mkono. Nikasoma tena, nikarekebisha, nikatuma.

Dakika ileile: "Nimeshapata, asante dada."

Alipata wapi? Kwangu? Jibu langu halisomeki kwa sekunde chache. Kwenye mashine inayojibu kila kitu? Inawezekana, na sina ugomvi nayo, maana na mimi huitumia kazini. Au alifuta mabano kwa kubahatisha, programu ikakubali, akafunga kompyuta akalala? Hili la mwisho ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu wiki ijayo ataliweka bano jingine mahali pengine, ujumbe uleule utatokea, naye ataanza kufuta na kurudisha mpaka imkubali. Atakuwa amepita karibu kabisa na jambo zuri kuliko yote katika lugha hii, asilione.

Nilimwandikia: "Vizuri mdogo wangu. Hebu tuandikie umepata nini, wapo wengine watakaokwama hapohapo."

"Sawa dada."

Na hiyo sawa ndiyo ikawa ya mwisho. Usiku ule nilifungua simu nikitegemea kuona neno. Jumatatu kwenye daladala nikafungua tena. Nimeyapanga mazungumzo yale kichwani kila namna, nikijaribu kuona ni neno gani lingemfanya abaki kidogo. Pengine "umepata nini" ilisikika kama mtihani. Pengine aliona aibu mbele ya walimu. Mume wangu alinisikiliza Jumatatu usiku, akasema kijana aliomba msaada, amesaidika, sasa unataka nini tena. Ni swali la haki. Ninachotaka ni lile jibu libaki. Anayekwama kwenye lugha ya wengi kama Python ana majibu mengi kuliko atakavyoweza kuyasoma. Anayekwama kwenye Racket, tena akiwa anafikiri kwa Kiswahili, ana sisi. Jibu lisiloandikwa kwetu halipo mahali pengine popote. Ni kama mtu aliyeuliza njia katikati ya soko, watu wakaacha biashara zao kumwelekeza, na wageni waliokuwa wamesimama nyuma yake wakitega sikio hawakujua alifika au hakufika.

Nilikuwa nimefika hapo, nimechoka, nikiandika hata maneno ya kuaga kundi (nimeyafuta, msianze kunipigia), ndipo Jumanne mchana yule mwalimu wa hesabu wa Songea akaandika. Huyu husoma kila kitu na hasemi. Sijui kama mmewahi kumwona akiuliza.

"Dada yangu, hujambo. Nimesoma ulivyomweleza kijana, na darasani kwangu nimewaeleza hivyohivyo. Sasa nina swali. Kama bano ni kuita, mbona hapa haiiti?"

Akaweka mstari mmoja tu:

'(1 2 (+ 1 2))

Alitarajia 1, 2 na 3. Racket ilimrudishia alichoandika vilevile, pamoja na ile alama ya kujumlisha, kana kwamba haijawahi kuiona.

Jamani. Nilisimama pale ofisini. Hilo si swali la mtu aliyetaka dawa ya haraka. Ameichukua kanuni niliyompa mtu mwingine, akaitembeza mpaka akapata mahali inapokataa, akaja na mfano mfupi usiozidi wala kupungua. Nilikuwa kwenye kikao, siwezi kuandika, nikawa nasikia mikono inawasha. Nilipotoka nikakuta kaka wa Kisumu ameshamjibu.

"Mwalimu, ile alama ndogo mwanzoni ndiyo imezuia. Inaiambia Racket isihesabu chochote humo ndani, ikichukue kama kilivyo. Ukitaka ihesabu, andika (list 1 2 (+ 1 2)) utapata 3 yako."

Jibu safi. Sikuwa na la kurekebisha. Mwalimu akajaribu, akarudi: "Imekubali. Kwa hiyo ile (+ 1 2) ya mwanzo yenyewe ni orodha? Yaani programu ni orodha kama zile ninazojumlisha?"

Hapo nikaingia mimi, na nikakaa mpaka usiku. Ndiyo, mwalimu. Ni orodha ya vitu vitatu: alama ya kujumlisha, 1, na 2. Unaweza kuikata, kuigeuza, kuiongeza kitu, kisha ukaitoa ihesabiwe. Na hiyo ndiyo roho ya familia nzima. John McCarthy alianza kazi ya Lisp katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1958, na katika makala yake ya 1960 alieleza funksheni moja, eval, inayochukua programu iliyoandikwa kama orodha na kuikokotoa. Kwake ilikuwa hoja ya kinadharia, ya kusomwa kwenye karatasi. Kijana mmoja wa pale, Steve Russell, akasema kwa nini nisiiandike hii ifanye kazi? McCarthy akamjibu kwamba anachanganya nadharia na vitendo. Russell hakubishana. Akaigeuza eval kwa mkono kuwa lugha ya mashine ya kompyuta ya IBM 704, na Lisp ikawa kitu kinachokimbia. Hata mabano haya hayakukusudiwa yabaki. McCarthy alipanga maandishi mengine ya kuandikia programu, yaliyokaribia zaidi hisabati ya kawaida, lakini watu wakaanza kutumia mabano wakayazoea, mpango ule ukasahaulika.

Mwalimu akauliza kama Racket ni ileile. Nikamweleza ukoo: Gerald Sussman na Guy Steele mwaka 1975, palepale MIT, wakijaribu kulielewa wazo la Carl Hewitt juu ya programu zinazotumiana ujumbe, wakaandika lugha ndogo ili waione kwa macho, na hiyo ikawa Scheme. Kisha miaka ya 1990 kundi la Matthias Felleisen, Rice University kule Texas, likajenga juu ya Scheme zana za kufundishia wanafunzi, zikaitwa PLT Scheme, na mwaka 2010 wakabadili jina kuwa Racket. Mwalimu akanyamaza kidogo, halafu: "Kumbe ilitengenezwa na walimu. Ndiyo maana inavumilia."

Wanafunzi watatu ambao hawajawahi kusema neno wakaingia baada yake. Mmoja akaonyesha funksheni inayogeuza kujumlisha kuwa kutoa kwa kubadilisha kitu cha kwanza tu cha orodha, akaikokotoa, akapata jibu. Kaka wa Kisumu akamtahadharisha asitumie eval kila mahali, kwamba kazi nyingi za namna hiyo zina njia nzuri zaidi, makro, yaani kanuni zinazogeuza programu kabla haijakimbia, na kwamba hilo ni somo la siku nyingine. Wakalipanga Jumamosi ijayo. Mimi nikabaki nasoma tu, nimefurahi hadi usingizi ukakataa.

Kijana alikuwepo. Niliona jina lake kati ya waliosoma. Hakusema kitu, na leo asubuhi bado nilifungua kuangalia. Jumamosi nitaanza somo la makro kwa programu yake ileile ya kujumlisha, bila kumtaja, kwa sababu ni programu nzuri na kwa sababu ninamtaka awepo.

Ila Jumamosi hiyohiyo Baba ana miadi ya macho, na Mama yuko Tanga kwa mzazi, harudi mpaka arobaini. Yale matone wanayomtia humwacha haoni vizuri saa kadhaa. Nimempigia jioni hii nikamwomba apande basi, akanijibu pikipiki imetoka kwa fundi juzi na breki ni mpya. Shemeji ana safari ya Dodoma. Nimebaki na jirani yake wa upande wa shambani, ambaye simu yake haipatikani tangu saa kumi.