Moshi wa Sangara Kitangiri

Nyumba tuliiona Julai 2014, saa nne asubuhi, kiangazi kimekolea. Madirisha yote yalikuwa wazi na upepo wa ziwa ukipita toka sebuleni mpaka uani. Ilikuwa Kitangiri, juu kidogo, nyuma yake mawe makubwa yamebebana kama yanavyobebana Mwanza yote. Vyumba vitatu vya kulala, sebule, na kachumba ka nyuma walikokaita stoo. Rangi mpya kila ukuta. Pembeni ya mlango wa sebule palikuwa na chetezo, udi unafuka. Nikamwambia dalali, hawa watu wametupokea kwa heshima. Akasema, "Dada, hii nyumba ya wastaarabu, utanishukuru."

Ule udi bado unaniuma. Udi hufukizwa kwa ajili ya mgeni au bibi harusi. Wale waliufukiza ili nisinuse.

Tuliinunua kwa milioni 32, akiba ya miaka kumi na moja pamoja na mkopo wa saccos. Tuliandikishana kwa wakili, mwenyekiti wa mtaa akiwa shahidi. Niliuliza habari za maji, umeme, mipaka, kama kuna mtu anayeidai nyumba. Nilijiona nimeuliza yote. Septemba tukahamia: mimi, mume wangu, watoto wawili, na mama yangu niliyemfuata Ukerewe baada ya miguu kuanza kumsumbua.

Mvua ya kwanza ya maana ilipiga Novemba, usiku. Niliamka nikidhani jirani anachoma kitu. Nikatoka barazani, hakuna moto popote, hewa safi na harufu ya udongo uliolowa. Nikarudi ndani, harufu ikanipokea mlangoni. Mama alikuwa ameketi kitandani, macho makavu.

"Nani anabanika samaki usiku huu?"

"Hakuna mtu, mama."

"Basi palibanikwa humu. Tena sangara. Sato hanuki hivi."

Mama alikuwa anaijua kazi hiyo kwa mikono yake. Alipokuwa msichana hapakuwa na sangara huku kwetu. Samaki huyo alipandikizwa ziwani miaka ya 1950, na ilipofika miaka ya 1980 ndiye aliyejaa nyavu. Furu na dagaa unawaanika juani, wanakauka. Sangara ana mafuta mengi, jua peke yake linamwozesha, lazima umpandishe kwenye chanja juu ya kuni. Mafuta yanadondoka kwenye makaa, moshi unapanda mzito, na unapogusa unaganda. Viwanda vilipokuja vikawa vinachukua minofu kupeleka Ulaya, wanawake wakabaki na mapanki, yaani mifupa na vichwa, na samaki waliokataliwa, na moto haukuzimika. Mama alisomesha watu kwa moto huo, mimi nikiwa mmoja wao.

Aliniambia yote hayo usiku ule kwa sauti ya mtu aliyekutana na ndugu. Akamalizia, "Mimi naona kama nipo nyumbani." Akalala.

Mwanangu mdogo hakulala. Ana pumu. Saa tisa kifua chake kilikuwa kinalia kama filimbi na mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Tulimpa ile pampu yake, tukamkalisha barazani kwenye blanketi mpaka kukapambazuka. Usiku wa namna hiyo tulikuwa nao minne ndani ya wiki mbili, na kila mmoja ulikuwa wa mvua.

Nilihangaika. Nilifua mapazia mara tatu. Nilisugua kuta kwa siki, nikaweka mabeseni ya mkaa kwenye pembe, nikamwaga magadi sakafuni nikayafagia asubuhi. Jua likitoka siku mbili harufu inapungua, najipongeza. Mvua ikirudi, nayo imerudi. Kisha kwenye silingi bodi nyeupe yakaanza kutokea madoa ya rangi ya chai.

Dalali aliacha kupokea simu. Muuzaji alipokea mara moja: "Mama, nyumba si uliiona mwenyewe?" Aliyenieleza ukweli ni jirani wa chini, siku nilipokwenda kumwomba ndoo. "Kwani hukujua? Kwenye kile chumba cha nyuma palikuwa na mapipa manne, moto usiku na mchana, mzigo wa samaki unashuka soko la Mwaloni. Miaka na miaka." Nikamuuliza mbona hakuniambia. "Tulikuona ukija na dalali. Hukupita kwetu hata kusalimia." Ni kweli, sikupita.

Fundi alikuja Jumamosi. Akapanda ngazi koridoni, akafungua ubao mmoja wa silingi, akaingiza kichwa na tochi. Alikaa kimya muda mrefu. Aliposhuka alininyooshea kidole cha shahada: kilikuwa cheusi, kinang'aa, na alipokigusanisha na kidole gumba pakavutika uzi mwembamba kama wa asali. "Panda uone."

Nikapanda. Kuta za vyumba zilikuwa zimeishia kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, na juu yake uwazi mmoja toka stoo mpaka sebuleni. Moshi wa mapipa manne ulikuwa umetembea humo bila kizuizi. Kenchi zote zinazobeba paa zilikuwa nyeusi, papi zinazoshika mabati nyeusi, na chini ya mabati yaliyopozwa na mvua matone ya maji yamening'inia, rangi ya kahawia, yanadondoka moja moja juu ya silingi ya chumba cha watoto wangu. Mimi nilikuwa nasugua kuta, na moshi ulikuwa juu ya vichwa vyetu.

Tulibomoa silingi yote. Watoto nikawapeleka kwa shangazi yao Igoma. Siku kumi na mbili vijana watatu walikwangua mbao kwa brashi ya waya, wakaosha kwa maji ya moto na sabuni, wakaosha tena. Maji ya kwanza yalitoka kama lami. Fundi alikataa rangi ya maji, akasema ndiyo waliyotumia wale, na doa la moshi linapenya humo kama maji kwenye kitambaa. Mbao na kuta zikapigwa rangi ya mafuta, mikono miwili, ndipo ya maji ikaja juu. Sakafu ya stoo ilikuwa imekunywa mafuta, ikachimbwa yote na kumwagwa zege jipya. Milioni tatu na laki nne ambazo hatukuwa nazo.

Mvua kubwa za Machi 2015 zilianza usiku vilevile. Niliamka nikaenda na tochi chumba cha watoto, nikasimama juu ya kitanda, pua karibu na silingi mpya. Rangi tu, na unyevu. Mdogo amelala chali, mdomo wazi, kifua kinapanda na kushuka bila sauti.

Nikipita koridoni mama akaniita.

"Umeisikia?"

"Hapana, mama."

"Hata mimi." Akajivuta shuka, akageukia ukutani.