Siku moja maishani mwangu: mfumaji wa masweta, Njombe

Saa 11 alfajiri. Mwezi wa 7 hapa Njombe ni baridi inayokuamsha, si kengele. Nawasha jiko, nabandika uji, na sishiki sindano mpaka vidole vipate moto. Vidole vya baridi hukaza uzi, na vitanzi vya asubuhi vikikazwa havifanani na vya jioni. Ukilitandaza sweta mezani unaona kabisa mstari ulipoanzia. Nimeshafumua masweta mawili kwa sababu hiyo.

Watu wakiniona nimekaa kibandani, uzi mapajani, wanasema, "Mama, leo unapumzika." Sipumziki. Nafuma kwa oda, nauza uzi na sindano, na kila siku namzuia mtu asipoteze wiki mbili kwa kununua sindano isiyo ya kazi yake. Ndiyo maana naandika.

Saa 1 nafungua. Kamwene kwa hawa, shikamoo kwa wale, madonge matatu ya uzi yameondoka, seti ya mtoto mchanga imechukuliwa na baba yake.

Saa 3 narudi kwenye sweta la mwalimu mmoja, kifua sentimita 100. Nalifuma kuanzia shingoni kushuka, kwa sindano ya waya: ncha mbili fupi zilizounganishwa kwa waya laini wa plastiki, ili kazi izunguke bila mshono ubavuni. Urefu unaosoma kwenye pakiti kwa kawaida ni wa ncha hadi ncha, waya na sindano zake pamoja. Uzi huu unanipa vitanzi 20 kwa kila sentimita 10. Shingo ilianza na vitanzi 88, yaani mduara wa sentimita 44, kwa hiyo nilitumia sindano ya sentimita 40. Mabega yalipopanuka nikahamia ya 60. Sasa niko kiwiliwili, vitanzi 200, na ninatumia ya 80. Vitanzi unaweza kuvisongamanisha kwenye waya mfupi navyo vikakaa kwa amani, lakini huwezi kuvivuta vikazunguka waya ulio mrefu kuliko kazi yenyewe. Sindano isiwe ndefu kuliko mduara wa nguo. Namwambia hivyo kila anayekuja.

Saa 4 akaja mama kijana, mtoto mgongoni. Dada yake amemletea sindano kutoka Marekani, nzuri kweli, ya 80. Anataka kufuma kofia ya huyu mtoto.

"Mdogo wangu, hii ni ndefu kwa kofia."

"Lakini dada, si inazunguka tu?"

Nikapima kichwa cha mtoto: sentimita 40. Kwa uzi wake ni kama vitanzi 80. Nikamwanzishia, nikamwonyesha jinsi kitanzi cha kwanza na cha mwisho visivyoweza kukutana. Akavuta. Uzi ukanyooka kama kamba ya kuanikia. Akavuta tena. Nikamwambia kofia hufumwa kwa sindano ya 40, au kwa zile fupi tano za ncha mbili mbili. Akanitazama, akasema, "Naona unataka tu kuniuzia nyingine."

Neno hilo liliniuma. Nimekaa kwenye kibanda hiki miaka 11 na sijawahi kumuuzia mtu sindano asiyoihitaji. Nikanyamaza kidogo, kisha nikamwambia sawa, tutatumia hiyo hiyo. Njia ipo: unagawa vitanzi nusu kwa nusu, unauvuta waya utokeze kama kitanzi kikubwa katikati, unafuma nusu ya mbele, unageuza, unavuta tena. Kwa njia hiyo waya wa 80 unafuma hata soksi. Ila wa kwake ulikuwa umekunjwa kwenye pakiti muda mrefu, umejikunja kama chemchemi na haukubali kulala. Nikamimina maji ya moto ya chai kwenye bakuli, nikauzamisha, nikaunyoosha kwa mkono. Ukalainika.

Kumbe bado. Karatasi yake ya maelekezo, ya zamani, ya Uingereza, inasema sindano namba 8, yaani unene wake, na ya kwake nayo imeandikwa 8. Nikachukua kibao changu chenye matundu, nikaipima: milimita 5. Namba 8 ya zamani ya Uingereza ni milimita 4. Kwa Waingereza namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba, kwa Wamarekani inakuwa nene. Kofia ingemfunika mtoto mpaka mdomoni. Tukapunguza vitanzi hadi 64, nikakaa naye mizunguko mitatu mpaka mikono yake ikazoea kuvuta waya. Mtoto alilia, akanyonya, akalala. Ilikuwa inakaribia saa 6. Hakununua kitu. Alipofika mlangoni alisema, "Asante, dada," kwa sauti ya chini, nami nikaridhika.

Mchana, stendi. Mzigo wangu kutoka Kariakoo ulikuwa ufike saa 8, basi likaingia saa 10 na ukungu. Niliagiza sindano za 40 kwa ajili ya kofia za msimu huu wa baridi. Wamenifungia za 60, zote.

Nikarudi nikamkuta binti ninayemfundisha ameinama juu ya sweta lake la kwanza la mtu mzima. Alishafuma sentimita 6 na uso unang'aa. Nikalishika nikalizungusha, nikaona ukingo umejipinda mara moja juu ya waya, kama mkanda uliofungwa vibaya. Aliunganisha mduara wakati vitanzi vimejisokota. Ukiliona kwenye mzunguko wa kwanza unaweza kuliokoa. Baada ya hapo hakuna ujanja wowote, ni kufumua. Vitanzi zaidi ya 3,000. Sikumgombeza. Nilishika donge, yeye akavuta uzi, na hatukuongea.

Tulianza upya. Vitanzi 200, kila cha 20 tumekifunga kiuzi chekundu ili hesabu isipotee. Nikamwambia alaze kazi yote mezani na ukingo wote utazame ndani, apitishe kidole mduara mzima, ndipo aunganishe. Akapitisha mara tatu. Nilimpa sindano zangu za mianzi, kwa sababu za chuma zinateleza sana na uzi huu na mikono yake ilikuwa inatetemeka. Mgongo wangu ulikuwa unawaka, na wateja wawili waliopita sikumbuki niliwajibu nini.

Giza limeshaingia. Nyumbani nimeweka miguu karibu na jiko, sweta la mwalimu mapajani. Kiwiliwili nimekifunga, vitanzi vya mikono vilikuwa vinasubiri kwenye uzi wa pembeni. Mkono una vitanzi 60, mduara wa sentimita 30, hata sindano ya 40 haiuwezi. Basi naufuma kwa ile ile ya 80, waya nimeuvuta kati, nusu kwa nusu, kama nilivyomwonyesha yule mama. Mkono wa kushoto umefika kwenye kiwiko. Wa kulia nauanza kesho.